Viti Vitatu vya Mau Narok

Kiti kimoja kati ya vinane kikivunjika, vimevunjika viti vingapi? Msikimbilie kujibu. Nimewauliza swali hili vijana wengi wanaokuja kunitembelea hapa mtaani Section 58, wale wanaojifunza kutengeneza fanicha, na wote hunitazama kama mzee aliyeanza kupotewa na akili. "Kimoja, mzee," wananiambia. Basi mngekwenda kumwambia hivyo memsahib, bibi wa kizungu wa miaka ya hamsini, aliyeletewa seti yake kwa meli kutoka kwao, muone kama mngemaliza chai aliyowapa. Kwake yeye kikivunjika kimoja vimevunjika vinane, na meza pia, na kabati la vyombo juu yake. Kampuni ya bima nayo ilisema kimevunjika kimoja. Ililipa kilichoharibika, haikulipa huzuni ya viti vilivyobaki.

Katikati ya hao wawili nilisimama mimi na patasi yangu, na hapo ndipo nilipokula kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ikipata moto, au bomba likipasuka likalowesha fanicha, mwenye nyumba aliandika dai. Kampuni ilimtuma mkaguzi wake akaangalie. Mkaguzi alijua karatasi, hakujua mti, kwa hiyo alipitia karakana ya Bwana Jagjit, Kalasinga aliyetuajiri mjini Nakuru, akanibeba mimi. Huko tulikokwenda aliniuliza swali moja tu: "Fundi, unaweza kutengeneza kingine kifanane?" Nikisema ndiyo, kampuni ililipa kiti kimoja. Nikisema hapana, mabishano yalianza upya. Fikirini, kijana wa Maragoli wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa mfanyakazi wa reli, neno lake linangojwa na wakubwa wawili kwenye veranda. Nakiri kwamba nilivimba kichwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Salim, Mswahili wa mtaa wa Bondeni ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Alikuwa mfupi, kofia yake imejaa vumbi la msumeno, na mdomo wake haukumwacha mtu. Kiti changu cha kwanza cha kufananisha nilikichonga kwa vipimo vya karatasi iliyokuja na seti. Nilipima kila kitu mara tatu. Rangi niliipata kwa majani ya chai yaliyochemshwa na misumari iliyolowekwa kwenye siki, kisha nikasugua nta mpaka mabega yakauma. Tulikipeleka, tukakiweka mezani pamoja na wenzake saba, na hakuna aliyeweza kukitambua. Jioni wageni wakaja kula. Yule aliyekikalia alikuwa mfupi kuliko wote, na akaonekana mrefu kuliko wote. Viti vya zamani vilikuwa vimeburutwa juu ya sakafu ya mawe miaka nenda miaka rudi, miguu imelika, na mimi nilikuwa nimechonga mguu mzima kama ulivyotoka kiwandani.

"Umeiga kiti kipya," Mzee Salim aliniambia kesho yake, huku akiikata miguu ile. "Nani kakwambia uige kiti kipya? Iga kiti kilichokaliwa, mwanangu."

Somo hilo lichukueni bure, nyinyi mnaochora sofa kwenye simu. Tazama mahali mkono wa mtu unaposhika. Tazama upande uliopaushwa na jua la dirishani. Kulikuwa na bwana mmoja wa Subukia ambaye kiti chake kilichakaa upande wa kulia tu, kwa sababu kila mlo alikaa amempa mkewe mgongo. Nilipotengeneza kingine ilinibidi nikichakaze upande uleule. Mke alipokiona alicheka mpaka akatoa machozi, na mume hakucheka hata kidogo.

Lakini kubwa kuliko yote ni kupata mti mzee. Viti vingi vya wazungu vilikuwa vya mwaloni, mti wa Ulaya tuliouita oki. Mwaloni mpya haukubali rangi kama ule uliokauka miaka hamsini. Kwa hiyo karakana yetu haikutupa kipande chochote cha mti wa Ulaya. Mguu uliovunjika, ubao uliopasuka, vyote viliwekwa chini ya benchi, na siku moja vilikuwa mkono au mgongo wa kiti cha mtu mwingine. Akina mama huhifadhi vitambaa vya nguo kuukuu kwa kiraka cha kesho, na sisi tulikuwa hivyohivyo. Ulikuwa utaratibu mzuri, na mimi niliupenda kuliko wote. Ndio ulionifanya nitende jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa nanyoa, mkono unasimama.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mkaguzi wetu aliitwa Bwana Demelo, Mgoa mwembamba aliyefunga tai hata kwenye matope. Asubuhi moja alinichukua kwa gari lake dogo tukapanda Mau Narok. Askari walitusimamisha mara tatu njiani, na kila mara Bwana Demelo alitoa karatasi zake hata kabla hajaombwa, ingawa hakuwa na kosa lolote. Dai lilitoka kwenye shamba kubwa la ngano. Moto ulikuwa umetokea katika chumba cha kulia, viti vitatu vya seti ya vinane vimeungua, na mwenye shamba alitaka kulipwa seti nzima. Wafanyakazi walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu watu na mbwa aliwaita kwa mluzi uleule.

"Moto uliwashwa na nani?" niliuliza.

"Mpishi," Bwana Demelo alisema. "Anaitwa Barasa. Polisi wamemchukua. Wanasema alifanya makusudi, kwa hasira."

Nilishtuka kabla hata hatujafika. Nyinyi hamkuziona siku zile. Mwafrika akisemwa kwamba ameichoma nyumba ya mzungu makusudi, hata kama kilichoungua ni pazia, hakuna aliyemuuliza mara mbili.

Bwana Mluzi alitupokea kwenye veranda. Vipande vya viti vilikuwa vimelazwa juu ya gunia.

"Fundi, ona," aliniambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Hii kiti yote iko kuni sasa. Wewe hapana weza tengeneza kama hii. Mti yake hapana iko Kenya. Ambia Bwana Bima kweli."

Nikachuchumaa nikaanza kazi kama kawaida. Fundi anayetengeneza seti hupiga alama za patasi chini ya fremu, mikato midogo, mmoja, miwili, mitatu, ili kila ubao wa kukalia urudi kwenye kiti chake. Niliziona alama za kiti cha tatu, cha tano na cha nane. Vilikuwa vya seti ile kweli. Kisha nikaokota ubao wa mbele wa kiti cha tatu, nikaugeuza kutazama ulimi wake.

Sikilizeni vizuri hapa. Ubao wa kiti una ulimi, mguu una tundu, na ulimi unaingia tunduni ukashikwa na gundi. Kiti kikiungua kikiwa kizima, nje kinakuwa makaa lakini ulimi ule hubaki mweupe humo ndani, kwa sababu moto haukuufikia. Nilikuwa nimefungua viti vingi vilivyoungua na hivyo ndivyo vilivyokuwa vyote. Ulimi huu ulikuwa mweusi pande zote nne, hadi nchani. Nikaokota ubao mwingine, mweusi. Nikaingiza kidole kwenye tundu la mguu, kikatoka na masizi. Mguu mwingine ulikuwa umevunjika katikati, na mahali penyewe ulipovunjikia palikuwa pameungua.

Viti hivi vilikuwa vipande vipande kabla ya moto kuwashwa.

Tukaingia chumba cha kulia. Pazia moja limeungua nusu, na kwenye sakafu ya mbao kuna doa jeusi lenye ukubwa wa ungo. Viti vitatu vilivyosimama haviwezi kuenea kwenye ungo. Vipande vilivyorundikwa vinaenea vizuri sana.

Sikusema neno. Sitaki mnione shujaa, ndiyo maana nawaambia. Kumwambia mzungu kwenye nyumba yake, wakati ule, kwamba moto huu umeuwasha wewe? Niliomba tu kwa adabu nivibebe vipande nikavipime mjini. Bwana Mluzi akapiga mluzi, akaja mtu kulifunga gunia.

Nilikwenda mlango wa jikoni kuomba maji, na hapo nikakutana na mke wa Barasa. Watu walimwita Mama Simiyu. Aliposikia lafudhi yangu alijua mimi ni mtu wa upande wao, akaniuliza moja kwa moja kama nimemwona mume wake huko mjini. Nikamwambia sijamwona. Kisha nikamuuliza kuhusu viti, na akaongea haraka, macho yake mlangoni.

"Shemeji, wacha nikwambie vile ilikuwa. Wageni walikuja, wakakunywa, wakapanda hizo viti kama farasi. Watu wazima! Wanashindana kutoka kwa meza mpaka kwa mlango, wanachapa viti na kiboko. Tatu zikavunjika. Barasa ndiye aliokota kila kipande akaweka stoo, akasema fundi atakuja kuunganisha. Halafu Jumapili sisi tuko kanisani, yeye peke yake jikoni na chakula ya mchana, anasikia moshi kwa chumba ya kula. Sasa hizo vipande zilitoka stoo na miguu yao?"

"Amewaambia polisi hivyo?"

"Amewaambia. Wakamuuliza kama yeye ni fundi."

Nikakiweka chini kikombe cha maji.

"Mama Simiyu, usiogope," nilimwambia. "Mimi ndio fundi. Hizi viti zitamtoa."

Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa, na yeye akaniamini.

Garini nilimwonyesha Bwana Demelo zile ndimi nyeusi. Alisimamisha gari kando ya shamba la viazi. Akanieleza jambo ambalo sikulijua, kwamba bima ya nyumba ile ililipa moto na wizi, haikulipa kitu kilichovunjwa na wageni wakicheza. Sasa nikaelewa kila kitu, na bado sikuamini. Mtu alikuwa ameona ni bora awashe moto ndani ya nyumba yake mwenyewe, ampeleke jela mpishi aliyemtumikia miaka kumi na moja, kuliko kula na viti vitano.

"Una hakika, Fundi?"

"Bwana, nina hakika kama ninavyojua jina langu."

"Basi niachie mimi. Usizungumze na mtu yeyote."

Vipande nilimwonyesha Mzee Salim. Alivigeuza kimoja kimoja, akanusa, akatikisa kichwa. "Viweke vizuri," alisema. Nikaliweka gunia chini ya benchi langu.

Baada ya wiki mbili hivi Bwana Demelo alikuja karakana, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. Bwana Mluzi alikuwa ameliondoa dai lake, ameandika barua mwenyewe. Kampuni ilifurahi sana. Nami nilifurahi zaidi ya kampuni. Kichwani mwangu mambo yalikuwa yamekwisha kabisa. Kama mwenye mali hadai tena, nani angeendelea kumshika mpishi? Sikuuliza. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilimuuliza Bwana Demelo kuhusu vile vipande, akasema kampuni haivitaki, nifanye nipendavyo.

Kosa la pili nililifanya nikiwa naimba. Wiki ileile Mzee Salim alikuwa amesafiri kwenda msibani, na mezani kwangu kulikuwa na kiti cha memsahib mmoja wa mtaa wa Milimani. Mbwa alikuwa ametafuna mkono mmoja wa kiti hicho na mguu wa mbele. Kiti cha mwaloni, kimoja cha seti ya sita, na nilikuwa nimehangaika miezi mitatu bila kupata mti wa kufanana. Nikalifungua lile gunia. Randa ilipopita mara ya tatu makaa yaliisha, na chini yake ukatokea mwaloni wa rangi ya asali, mkavu, mgumu, mzuri ajabu. Niliranda miguu. Niliranda mbao. Ndimi zile zilizoungua nilizikata kwa msumeno, kwa sababu hazikuwa na faida. Nilichokata na nilichoranda nikakitia kwenye jiko la kuchemshia gundi, kama tulivyofanya kila siku. Mti uliobaki uliingia kwenye kiti cha Milimani na kwenye viti vingine viwili vilivyokuwa vikingoja. Ilikuwa wiki moja ya kazi tamu kuliko zote.

Miezi miwili baadaye Mama Simiyu aliingia karakana. Alikuwa ameshuka na lori la viazi, mtoto mgongoni, viatu mkononi.

"Shemeji, kesi ni Jumatano," alisema. "Nimekuja kukuambia ubebe ile viti."

"Kesi gani?"

Alinitazama kama mtu ambaye hajanisikia. "Ya Barasa."

"Barasa bado yuko ndani?"

"Kwani alitoka lini?"

Vijana, mimi nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa la ghala. Nimewahi kukatwa kidole na msumeno wa mashine na kukiona kikiwa sakafuni. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka siku ile. Nikashika benchi. Mzee Salim alikuwa amekwisha rudi, anapiga msasa upande wa pili, na alisikia yote. Alikuja akainama chini ya benchi langu akavuta lile gunia. Likaja jepesi. Akalikung'uta. Akaenda kwenye jiko la gundi akachokoa majivu kwa kijiti, mzee mwenye heshima zake, amepiga magoti.

"Hata kimoja, Jafeti?"

"Hata kimoja."

Ilibidi nimwambie Mama Simiyu. Nilitamani apige kelele, anitukane, aninyang'anye patasi anipige nayo. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Sasa atatolewa na nini?"

Nilikimbia mpaka ofisi ya bima bila hata kuvua aproni. Nilimwomba Bwana Demelo alete ile ripoti yake kortini, ile inayosema viti vilikuwa vimevunjika kabla. Akafunga mlango.

"Hakuna ripoti," alisema. "Nilizungumza naye kwa mdomo. Nilimwambia fundi ameona ndani ya viungo na ataandika. Kesho yake akaondoa dai. Kuna nini cha kuandika tena?"

"Basi njoo wewe useme hayo."

"Fundi, nina watoto wanne. Mzungu yule anakunywa na wakubwa wangu."

"Na Barasa ana wangapi?"

Alilegeza tai yake, na nilipotoka alikuwa bado ameishika. Siku zile nilimchukia sana. Siku hizi nashindwa, kwa sababu kosa lake yeye ni kutoandika tu, lakini mimi niliranda.

Siku ya pili nilikwenda Milimani, nikasingizia kwamba nataka kukagua gundi ya kile kiti. Memsahib alifurahi kuniona. Nilikipindua juu chini sebuleni kwake nikitafuta hata mstari wa makaa, hata harufu. Hakukuwa na kitu, na vile vingine viwili nilivifanya kwa mkono uleule. Kila upande ulikuwa safi, hata sehemu za chini ambazo hakuna macho yangefika. Fundi mvivu angeacha masizi mahali, na Barasa angepona.

Jumatano nilisimama kortini. Niliapa, nikaeleza habari za ulimi na tundu, na karani wa kutafsiri akazieleza vizuri tu, naona alikuwa mtoto wa seremala. Hakimu alisikiliza. Akauliza kama kiti hakiwezi kuachia viungo ndani ya moto na ndimi zikaungua baadaye. Nikasema moto mkubwa unaweza, lakini huu ulikuwa mdogo, sakafu inaonyesha. Polisi wakasema sakafu imekwisha kutengenezwa. Kisha hakimu akauliza jambo ambalo hata mimi ningeuliza.

"Viko wapi hivyo vipande?"

"Nimeviranda, Bwana."

"Umeviranda?"

"Nimetengenezea viti vingine. Kuna memsahib wa Milimani anakalia kimoja."

Watu waliokaa nyuma walicheka. Bwana Mluzi, aliyekuwa mbele na kofia yake mapajani, alicheka pia. Barasa alikuwa kizimbani, mtu mkubwa, mweusi, mwenye mvi kidogo juu ya masikio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu mpaka niliposhuka.

Alifungwa miaka miwili na kazi ngumu. Watu waliniambia ni kidogo, kwamba wakati kama ule angepata zaidi, na labda maneno yangu yalisaidia. Wiki hiyohiyo Mama Simiyu na watoto waliondolewa shambani wakarudi kwao Magharibi. Mimi na Mzee Salim tuliwapeleka stesheni. Mzee alibeba mzigo, mimi nilimbeba Simiyu, na mama yao hakunisemesha hata mara moja.

Sasa nyinyi mna kamera, mnapiga picha kila kitu, mnasema mambo kama hayo hayawezi kutokea. Mnaweza kuifuta picha kama nilivyoranda mti, tena kwa kidole kimoja. Ninachowaomba ni kidogo. Mkiletewa kitu kilichoharibika, ulizeni kiliharibikiwa mikononi mwa nani, na mtu huyo yuko wapi leo. Msikiguse mpaka mjue. Mimi nilijua kusoma kiti kuliko mtu yeyote katika Bonde la Ufa, na sikutembea dakika kumi kwenda kuuliza kama mtu amefunguliwa.

Barasa alipotoka alipitia karakana. Alikuwa anangoja treni ya kwenda kwao. Alikuwa amekonda, na alisimama mlangoni mpaka nilipomwita ndani. Niliagiza chai na mandazi. Mzee Salim alimpa kigoda chake, kisha akatoka nje akatuacha. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha kwa miaka miwili, na yote yalinitoka kichwani. Nilisema tu, "Ndugu yangu, nilikosa."

Alikunywa chai polepole.

"Mimi nilipaka hizo viti nta kila Jumamosi," alisema. "Miaka kumi na moja. Hiyo mti ilikuwa mzuri."

"Ilikuwa mzuri sana."

"Hiyo kiti ya Milimani, ilitoka vizuri?"

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka kumwambia ilipinda, ilikataa rangi, nikaitupa.

"Ilitoka vizuri."

"Mtu akiangalia, anaona mahali uliunga?"

"Haoni."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolijia. Akaweka kikombe chini, akanishukuru kwa chai, akaenda kupanda treni yake. Katika miaka yangu yote sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko kiti kile, vijana, na sijawahi kumwonyesha mtu.